Sura ya Sita: Kitisho Hakimo Katika Sukari

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, nyumba nyingi za Marekani, Kanada, Ireland na Uingereza hupambwa kwa maboga yaliyochongwa nyuso, utando bandia wa buibui na mifupa ya plastiki. Watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, na wakishakwenda kulala, watu wazima huanza sherehe yao. Waswahili wanaoishi Toronto, Leicester au Minneapolis wanaujua usiku huu wa Halloween, maana hualikwa na wafanyakazi wenzao na majirani, na baadhi yao siku hizi ndio wenyeji wa sherehe. Ukiitazama meza ya watu wazima hao, mara nyingi utakuta ni meza ya watoto iliyoongezwa pombe: keki zilizorundikwa krimu ya siagi, chokoleti, biskuti za rangi, na bakuli kubwa la ponchi tamu ambayo hakuna ajuaye imetiwa kilevi kiasi gani. Sura hii inadai kwamba meza hiyo imekosea hesabu. Kinachomfanya mgeni ashtuke, acheke na kwenda kusimulia kesho yake ni umbo la chakula, rangi yake, mwanga unaokimulika na jina kilichopewa. Sukari, mafuta na pombe havimtishi mtu. Anayepunguza vitu hivyo vitatu na kutia bidii katika vile vinne atapata sherehe inayotisha zaidi, na wageni wake wataondoka wakiwa wepesi wa mwili na timamu wa akili.

Tuanze na historia, kwa sababu wengi huamini kwamba Halloween bila peremende si Halloween. Asili ya usiku huu ni Ireland na Uskoti, ambako wazungumzaji wa lugha za Kikelti walihesabu tarehe 1 Novemba kuwa mwanzo wa majira ya baridi na kuiadhimisha kwa sikukuu iliyoitwa Samhain. Kanisa la Magharibi nalo, kufikia karne ya 9, lilikuwa limeiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote siku hiyohiyo. Kwa Wakatoliki wa Ireland mkesha wa sikukuu hiyo ulikuwa, kwa vizazi vingi, siku ya kujinyima nyama. Ndiyo maana chakula chake cha jadi ni colcannon, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi au majani ya jamii ya sukuma wiki, vikatiwa maziwa na siagi. Kulikuwa pia na barmbrack, mkate wa zabibu kavu uliofichwa pete ndani yake. Kulikuwa na matofaa na njugu za miti zilizovunwa karibuni. Angalia msisimko wa usiku ule ulitoka wapi. Aliyeikuta pete katika kipande chake cha mkate aliambiwa ataoa au kuolewa kabla mwaka haujaisha. Wachumba waliweka njugu mbili kando ya moto wakatazama kama zitaungua pamoja kwa utulivu au moja itaruka, na hapo wakaisoma hatima ya ndoa yao. Vijana waliinamia beseni la maji wakijaribu kunasa tofaa kwa meno. Taa zilichongwa katika tanipu, mzizi unaofanana na figili kubwa. Waliohamia Marekani, hasa wakati wa njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852 na baada yake, wakakuta huko boga, lililo kubwa na rahisi kuchonga. Giza, moto, maji na siri iliyofichwa ndani ya mkate ndivyo vilivyoubeba usiku mzima, na chakula chenyewe kilikuwa chakula cha watu waliokuwa wakijinyima.

Sukari ilikuja baadaye. Desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba ilienea Marekani katika miaka ya 1930, ikadhoofishwa na Vita vya Pili vya Dunia, wakati sukari ilipouzwa kwa mgao kuanzia 1942, na ikafufuka kwa nguvu mgao ulipoondolewa mwaka 1947. Mwanzoni watoto walipewa chochote kilichokuwapo nyumbani: matunda, njugu, keki za kuoka, sarafu, hata vichezeo. Viwanda vya peremende vililiona soko, na katika miongo iliyofuata pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani zikashinda, kwa kuwa ni rahisi kununua na wazazi waliziamini kuliko vyakula vilivyopikwa na watu wasiowajua. Uamuzi huo wa kibiashara na kimalezi una mantiki yake mlangoni, mbele ya mtoto aliyenyoosha mfuko. Hauna mantiki hiyo sebuleni, kwa mtu wa miaka 40 anayeangalia sukari yake ya damu. Katika sikukuu hii sukari ni mpangaji aliyehamia juzi katika nyumba ya kale, na anayemwomba apishe nafasi havunji mila ya mtu yeyote.

Ushahidi wa pili unatoka katika maabara za saikolojia. Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majaribio ambamo watu waliwekewa chokoleti ileile katika maumbo mawili, moja la kawaida na jingine la kinyesi cha mbwa. Washiriki walijua fika kwamba zote ni chokoleti, lakini hamu yao ya kuila ile ya pili ilishuka vibaya. Umbo liliushinda ujuzi. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walieleza jinsi wanafunzi 54 wa chuo kikuu huko Bordeaux walivyopewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Rangi iliuongoza ulimi. Kisha mwaka 2013 Rozin na wenzake walionyesha kwamba binadamu hufurahia hisia ambazo kwa kawaida angezikimbia, mradi akili inajua kuwa mwili hauko hatarini. Humo ndimo ilimo raha ya pilipili kali, ya filamu za kutisha na ya simulizi za majonzi. Ukiyaunganisha matokeo haya matatu, unapata kanuni ya meza ya Halloween: jicho lishtuke, ulimi uingie shaka, na akili ijue kwamba kila kitu ni salama. Kicheko huzaliwa katika pengo lililopo kati ya jicho na akili. Katika hatua zote hizo hakuna mahali ambapo gramu moja ya sukari imefanya kazi.

Tuione kanuni hiyo katika chakula kimoja. Lichi, tunda ambalo ni ndugu wa shokishoki wa Unguja na Pemba, ikimenywa hubaki nyama nyeupe iliyo nusu angavu, laini, yenye unyevu. Ukiitoa kokwa kwa ncha ya kisu, inabaki tundu. Ukiingiza humo zabibu nyeusi mbichi, au bluberi, unapata jicho linalokutazama kutoka ndani ya glasi, na shokishoki yenyewe inafaa vilevile pale inapopatikana. Nyama ya lichi moja mbichi ina uzito wa takribani gramu 10 na haifikishi kalori 10. Keki ndogo iliyopambwa jicho la krimu ya siagi na sukari ya rangi mara nyingi hupita kalori 300. Sasa ziweke zote mbili mbele ya mgeni. Keki ni picha ya jicho, na mgeni anajua ni picha kabla hajaigusa. Tunda linang'aa, linateleza, na likiumwa linatoa maji. Linatisha mkononi na mdomoni pia. Chakula chepesi kimeshinda kwa kigezo kilekile ambacho keki ilitengenezwa kukitimiza, na kimeshinda kwa sababu vyakula vyenye maji mengi na vilivyosindikwa kidogo vinafanana zaidi na viumbe hai kuliko unga na siagi vitakavyowahi kufanana. Ila ununue lichi mbichi, au za kopo zilizohifadhiwa katika maji yake. Zile za shira nzito humrudisha mwenyeji alikotoka.

Mayai yanaifikisha hoja hii mbele zaidi, kwa kuwa karibu hayana sukari na ni chakula cha kushibisha. Chemsha mayai mpaka yaive, yapoze, kisha yagongegonge maganda kwa mgongo wa kijiko pande zote bila kuyamenya. Kando, chemsha kabichi ya zambarau iliyokatwakatwa, chuja, na uyaache maji yake yapoe. Loweka mayai humo usiku kucha ndani ya jokofu. Siku ya pili, ukimenya ganda utakuta juu ya weupe wa yai mishipa ya buluu inayoelekea kijani, imetandaa kila mahali palipokuwa na ufa, kama uso wa kitu kilichokaa muda mrefu chini ya maji. Rangi hiyo haikununuliwa dukani. Kabichi ya zambarau ina rangi asilia iitwayo antosiani, ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na asidi na buluu ikikutana na kitu chenye alkali, na ute wa yai una alkali kidogo. Ndiyo sababu siki isitiwe hapa. Ukiitia, buluu inapotea. Yai moja lina takribani kalori 70 na gramu 6 za protini. Likitolewa juu ya kitanda cha majani mabichi, na bakuli la chumvi na pilipili manga kando, mgeni anakula kitu kinachomtisha na kumshibisha, na hana haja ya kurudi mezani mara tano kutafuta utamu.

Katika vinywaji tofauti ni kubwa zaidi, na ndipo madhara ya meza ya kawaida yalipo mengi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda nyingi zina gramu 10 au 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya mililita 300 imeshavuka kiasi hicho, na ponchi iliyochanganywa soda, juisi ya kopo na shira huwa haina unafuu. Linganisha na rozela. Maua yake makavu yakichemshwa kwa tangawizi, mdalasini na karafuu hutoa maji mekundu mazito kama damu, makali kwa uchachu, yanayofaa kunywewa yakiwa na kijiko kimoja tu cha sukari kwa glasi au bila hata kimoja. Humo tia tukmaria, zile mbegu ndogo nyeusi ambazo watu wa Mombasa na Unguja wanazijua kutoka kwenye faluda. Zikilowekwa maji kwa robo saa, kila mbegu hujivika ute angavu na kubaki na kiini cheusi katikati, na glasi nzima huonekana imejaa mayai ya kiumbe kisichojulikana. Wenye kutumia dawa za shinikizo la damu, pamoja na wajawazito, waambiwe wazi kwamba kinywaji ni rozela ili wachague kingine, maana rozela ina uwezo wa kushusha shinikizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa toniki. Kinywaji hiki kina kwinini, dawa ileile iliyotumika dhidi ya malaria kwa karne nyingi, ingawa kwa kiasi kidogo sana. John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza mwaka 1845 jinsi mmumunyo wa kwinini unavyotoa mng'ao wa buluu ukipigwa na mwanga wa jua, na mwaka 1852 George Stokes akaeleza chanzo chake: kwinini hupokea mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni, na kuurudisha ukiwa mwanga unaoonekana. Ukizima taa za sebuleni na kuwasha taa ya urujuanimno, glasi ya toniki hung'aa buluu ya kizuka. Toniki ya kawaida ina sukari nyingi, na kuna toniki isiyo na sukari. Zikiwekwa bega kwa bega gizani, zote mbili hung'aa, kwa kuwa kinachong'aa ni kwinini. Hapa hoja ya sura hii inaonekana kwa macho: toa sukari yote, na kitisho kinabaki palepale. Chumba hicho chenye giza kinagharimu taa moja tu, na kinaipa thamani hata maji yenye gesi yaliyochanganywa na toniki kidogo na kipande cha ndimu. Mgeni aliyewahi kudhuriwa na kwinini, au aliye mjamzito, aelezwe kilichomo kabla hajakaribishwa glasi.

Pingamizi la kwanza linahusu pombe. Husemwa kwamba sherehe ya watu wazima bila kilevi haichangamki, na kwamba ponchi kali ndiyo inayowafungua watu midomo. Pingamizi hili lina ukweli kiasi, kwa kuwa pombe hupunguza haya. Lakini katika usiku wa Halloween kazi hiyo imeshafanywa na mavazi, giza na mzaha wa mezani. Mtu aliyekunywa glasi yenye jicho ndani ameshapata la kuzungumza na asiyemjua. Kwa upande wa gharama, kila gramu ya pombe ina kalori 7, karibu mara mbili ya sukari yenye kalori 4, na kipimo kimoja cha kawaida cha Marekani kina gramu 14 za pombe tupu. Sukari nayo huificha ladha ya pombe, hata mtu akanywa vipimo vitatu akidhani ni kimoja. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilisema kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Zaidi ya hayo, miongoni mwa wageni kuna Waislamu, Wasabato na Walokole, kuna wanaoendesha gari, na kuna wanaopambana kuiacha pombe. Mpango wa haki ni huu: bakuli la katikati lisiwe na kilevi hata kidogo, na anayetaka kileo ajitilie kutoka kwenye chupa iliyo kando, kwa kipimo anachokiona. Barafu iliyogandishwa ndani ya glavu safi ya jikoni isiyo na unga, ikachomolewa na kuelea katika bakuli hilo kwa umbo la mkono mweupe, itayavuta macho ya wote, wanywaji na wasiokunywa.

Wepesi wa chakula usipimwe kwa kalori peke yake. Chakula kinachomweka mgeni hatarini ni kizito hata kikiwa hakina kalori, na katika msimu huu kuna mitindo mitatu ya kuepukwa. Wa kwanza ni barafu kavu, ambayo ni hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa kwa nyuzi 78 chini ya sifuri. Moshi wake unapendeza, ila kipande chake huunguza mdomo na koo kikimezwa, na hewa yake hufukuza oksijeni chumbani. Huko Moscow, Februari 2020, watu watatu walikufa katika sherehe ya siku ya kuzaliwa baada ya barafu kavu kumwagwa kwenye bwawa la ndani ili litoe moshi. Wa pili ni naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko Lancaster, Uingereza, mwaka 2012, msichana wa miaka 18 alilazimika kuondolewa tumbo lake kwa upasuaji baada ya kunywa kokteli iliyotiwa kimiminika hicho. Wa tatu ni mkaa maalumu wa dawa, unaotumiwa kupaka weusi vinywaji na aiskrimu. Hospitali huutumia kunasa sumu tumboni, na hauwezi kutofautisha sumu na vidonge vya kisukari, vya moyo au vya uzazi wa mpango ambavyo mgeni amevimeza jioni ile. Jiji la New York liliupiga marufuku katika vyakula vya mikahawa mwaka 2018. Weusi salama upo tele: ufuta mweusi, maharage meusi yaliyopondwa kwa kitunguu saumu na ndimu, wino wa ngisi, zabibu nyeusi na zeituni. Kanuni ya Rozin inadai kwamba akili ijue mwili hauko hatarini. Mwenyeji anayetia hatari ya kweli ameivunja kanuni yenyewe.

Pingamizi la pili ni la ukarimu. Katika mila zetu mgeni hukirimiwa kwa kilicho bora na kingi, na anayempimia mgeni sukari huonekana bahili, hasa kwa sikukuu inayokuja mara moja kwa mwaka. Halloween inakuja mara moja, ni kweli, lakini ndiyo inayofungua mlango wa msimu mzima wa kula: kwa Wamarekani hufuatiwa na Sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, kisha Krismasi na Mwaka Mpya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la tiba la New England, uliofuatilia watu wazima 195, ulionyesha kwamba kati ya katikati ya Novemba na mapema Januari waliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 0.37. Kiasi hicho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na ni haki kusema hivyo. Kinachotia wasiwasi ni kwamba ongezeko hilo halikuondoka katika miezi iliyofuata, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka linajumlishwa. Kuhusu ukarimu wenyewe, mtu atazame sebule ya leo: yupo mwenye kisukari, yupo mwenye shinikizo, yupo asiyekula nyama, yupo anayedhuriwa na karanga. Meza ya krimu na ponchi kali inamfanya kila mmoja wao asimame pembeni na glasi ya maji. Meza ya matunda, mayai, mboga na vinywaji vichachu inawakaribisha karibu wote. Ukarimu hupimwa kwa idadi ya wageni waliokula kwa amani.

Wapo watakaosema kwamba chakula chepesi hakina ladha. Hofu hii inatokana na kukichukua chakula kizito na kukipunguzia kitu, kama biskuti iliyonyimwa sukari, na kweli hiyo haina ladha. Njia iliyo sahihi ni kuanza na vyakula ambavyo ladha yake haikutegemea sukari tangu awali. Watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, wamethibitisha mara nyingi kwamba watoto hupenda utamu mkali kuliko watu wazima. Ulimi uliokomaa umejifunza uchachu, uchungu, ukali na moshi, na hivyo ndivyo viungo vinavyofaa usiku wa vitisho. Pilipili hoho ya rangi ya chungwa, ikichongwa uso kama boga na kujazwa hummus, yaani rojo la dengu, iliyokolea ufuta na ndimu, inakuwa bakuli na pambo kwa wakati mmoja. Bisi zilizokaangwa juu ya moto bila siagi, zikanyunyizwa chumvi, pilipili ya unga na ufuta mweusi, hutafunwa gizani kwa mlio wa mifupa. Biringanya iliyochomwa mpaka ngozi ikawa mkaa, ikapondwa kwa kitunguu saumu na mtindi, ina rangi ya majivu na harufu ya moto wa kuni. Iitwe jina la kutisha, na mgeni atasita kabla ya kuchovya mkate, kisha hataacha. Mchezo huu una sharti moja. Kwa kuwa chakula kimefichwa utambulisho wake, kila sahani iwekewe kadi yenye jina la kubuni upande mmoja na viungo halisi upande wa pili, ili aliye na mzio wa karanga, ufuta au mayai asome kabla hajaonja.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu afya. Wazazi wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanaona kwamba kuchezea mauti, mizimu na uchawi ni kukosa adabu mbele ya Mungu na mbele ya marehemu. Mtu mwenye msimamo huo asishawishiwe. Sherehe ni hiari, na dini yake inatosha kuwa sababu. Kwa anayehudhuria, inafaa ajue kwamba usiku huu umekaa jirani na ibada tangu zamani, na kwamba huko Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, familia huwaandalia marehemu wao mkate na vinywaji kwa heshima na mapenzi. Lakini pingamizi hili linamtaka mwenyeji Mswahili awe na uangalifu wa ziada. Tanzania wameuawa vikongwe kwa kutuhumiwa uchawi, na watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Mgeni aliyetoka katika familia iliyoguswa na msiba kama huo hawezi kucheka mbele ya vidole vilivyochongwa kwa karoti, na si haki kumtarajia acheke. Vitisho vingine havimuumizi mtu: buibui wa zeituni, popo, mwezi mwekundu, nyuso za maboga, utando, maji yanayong'aa. Hata bundi, ambaye kwetu mlio wake juu ya paa huwanyamazisha watu, anaweza kuwekwa au kuachwa kulingana na walioalikwa. Kuwajua wageni ni sehemu ya mapishi.

Ukizijibu hoja hizi zote, kinachobaki mbele ya mwenyeji ni swali moja la kuuliza kila sahani na kila glasi kabla haijapanda mezani: hiki kinatisha kwa kitu gani? Kikijibu kwa umbo, rangi, mwanga au jina, kimepata nafasi yake. Kisipokuwa na jibu ila utamu na kilevi, kimekuja kwa mazoea, na kuondolewa kwake hakutapunguza mshtuko hata mmoja. Fedha iliyookolewa kwenye krimu na chupa za pombe kali inunue taa ya urujuanimno, maua ya rozela, kabichi ya zambarau na kisu kizuri cha kuchongea. Muda uliookolewa utumike kukata, kuloweka na kugandisha, kazi ambazo wageni wenyewe wanaweza kuitwa mapema kuzisaidia. Watu wa Ireland waliusherehekea usiku huu kwa viazi, kabichi, matofaa na mkate, wakaupa nguvu iliyovuka bahari na karne kadhaa. Hakuna sababu ya mtu mzima wa leo kuhitaji zaidi ya hapo ili ashtuke, acheke, ale vizuri na kufika kwake salama.